Paneli Zisizo na Muhuri

Jumatatu, 4 Machi
Redio imenitia nyongo kwenye chai. Serikali imepiga marufuku paneli za jua zisizo na muhuri wa ubora, na kila fundi sasa lazima awe na leseni. Mkaguzi anapita madukani Alhamisi, na anayefaulu anapewa leseni. Dukani nina paneli kumi na mbili. Muhuri hakuna hata mmoja. Nilizipendea rangi.

Mdogo wangu, mwenye duka kama langu ng'ambo ya barabara na cheti cha chuo cha ufundi, alipita akitabasamu. Akanieleza kuwa zahanati inatafuta fundi wa kufunga umeme wa jua kwa ajili ya friji ya chanjo, na kazi atapewa mwenye leseni. Nikamjibu mkubwa ni mkubwa. Kazi hiyo yangu.

Jumanne, 5 Machi
Nimechonga muhuri kwa kiazi. Kumbe herufi huchongwa kinyume! Paneli tatu sasa zimeandikwa AROBU. Mke wangu aliuliza kama hilo ni jina la kiwanda, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Jumatano, 6 Machi
Mpango bora zaidi. Waya kutoka kwa jirani yangu, fundi mwenye cherehani ya umeme, upite chini ya zulia mpaka kwenye taa yangu ya maonyesho. Paneli moja itakaa juu ya paa kwa heshima tu, zilizobaki nimezificha uvunguni. Jirani nimemwambia ni utafiti.

Alhamisi, 7 Machi
Mkaguzi ni mama mpole mwenye miwani. Taa iliwaka vizuri sana. Akaanza kuandika. Nikaanza kuwaza leseni nitaitundika ukuta gani.

Mara cherehani ya jirani ikanyamaza. Umeme wa mtaa mzima ulikuwa umekatika, na taa yangu pia. Mkaguzi akatoka nje, akatazama juu. Saa sita mchana, jua la utosini. Akarudi, akaniuliza taratibu, "Baba, na jua nalo limekatika?"

Ng'ambo, feni ya mdogo wangu ilikuwa inazunguka.

Jumamosi, 9 Machi
Leseni kapata yeye, na kazi ya zahanati kapata yeye. Nilinuna siku nzima ya jana. Leo akaja mwenyewe.

"Kaka, paa lile siliwezi peke yangu. Twende."

Nikaenda kushika ngazi, nikajikuta juu. Alinionyesha upande wa kuelekeza paneli. Miaka sita mimi nimekuwa nikizielekeza barabarani ili zionekane! Friji ikaanza kunguruma. Muuguzi akapiga vigelegele, kina mama waliobeba watoto wakaitikia. Nilifuta jicho. Vumbi la paani.

Mdogo wangu ameniletea fomu ya kozi ya miezi mitatu.

Jumapili, 10 Machi
Fomu nimeijaza karibu yote. Imebaki sahihi. Lakini gazeti linasema serikali inafikiria kununua umeme wa jua unaobaki majumbani. Nimeweka kalamu chini. Kaka wa mke wangu ana jenereta la dizeli, limekaa bure stoo. Umeme ni umeme. Ukishaingia kwenye nyaya, nani atajua ulikozaliwa?