Mifumo Mitatu, Kompyuta Moja

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamua. Kompyuta ya nyumbani itakuwa na mifumo endeshi mitatu. Wa zamani wa mke wangu, mpya wangu mimi, na wa tatu wa kumkata maini shemeji. Shemeji ni kaka yake mke wangu, fundi simu. Mimi humwita Bisibisi, ila si mbele yake. Jana alisema mtu kama mimi aachiwe redio tu. Tutaona.

Mke wangu ni fundi cherehani. Kaniambia niguse chochote ila vipimo vya magauni manane ya harusi, ambavyo vimo humo na si kwingine. Bibi harusi na wapambe wake wanakuja Ijumaa kujaribu. Nimemwambia atulie, kuna mtaalamu. Hakutulia.

Jumanne, 4 Juni

Mambo yamenyooka. Kompyuta ikiwaka inatoa menyu: chagua mfumo. Raha iliyoje! Nimeiwasha na kuizima mara kumi na moja. Mfumo wangu nimeuweka juu kabisa, na muda wa kuchagua nimeupa sekunde moja. Mke wangu si mwepesi wa vitufe. Ataangukia kwangu kila mara, atauzoea, ataupenda.

Kaangukia mara tisa. Hakuupenda. Katumia neno ambalo mama yake hajui kuwa analijua.

Jumatano, 5 Juni

Leo usafi. Kwenye diski nimekuta kipande kidogo mno, hakina jina, hakina picha, hakina hata barua moja. Kimejikalia tu kama mgeni asiyejua kuaga. Nimekifuta.

Nimewasha. Giza. Kistari cheupe kinapepesa pembeni. Nimewasha tena. Kistari. Mke wangu kauliza kulikoni, nikasema inapumzika. Kauliza kompyuta zimeanza lini kupumzika. Nikajitia hamnazo.

Alhamisi, 6 Juni

Bado inapumzika. Nimeipuliza matundu yote. Nimependekeza, kwa upole, ashone kwa kukumbuka maumbo ya watu. Kaweka mkasi mezani taratibu sana. Kisha kakaa chini akalia. Miaka sita kajenga jina, kasema, na kesho litazikwa na mume wake mwenyewe. Niliumia, kweli. Nikakubali Bisibisi aitwe.

Kaja na flashi moja tu, maringo tele. Kauliza nimefuta nini. Nikasema kitu kisicho na maana. Kacheka mpaka kavua miwani, akasema hicho ndicho kinachoiamsha kompyuta. Kwa nusu saa ikaamka. Vipimo vyote vimo. Menyu yangu kaifuta bila hata kuisoma. Mke wangu kashona hadi vidole vikavimba.

Jumamosi, 8 Juni

Magauni yametia fora. Ila nyumbani nimenyimwa haki. Kompyuta ina neno la siri. Nimejaribu tarehe ya ndoa yetu, imekataa. Na vipimo vya wateja wote, vya miaka sita, mke wangu kavihamishia kwenye kompyuta ya mkononi ya kaka yake, hakubakiza hata kimoja. Eti kule viko salama.

Bisibisi kaja kula mchana, na mama mkwe pia. Sasa hivi yeye na dada yake wamekwenda kumsindikiza mama mkwe, na begi lake lenye kompyuta hiyo kaliacha kitini. Nimeitoa nikaichungulia. Mfumo mmoja tu! Fundi mzima. Nimemhurumia.

Kituo cha basi si karibu, na mama mkwe hutembea polepole. Wakirudi watakuta minne.