Mashine Itawaambia Hapana

Jumatatu, 3 Machi

Ijumaa ndiyo siku ya hukumu. Nafasi ya karani wa kudumu katika ofisi yetu ya maji ni moja. Tulio kwenye majaribio ni wawili: mimi na Bwana Tai. Jina hilo nimempa mwenyewe, kimoyomoyo. Ana tai nyekundu anayoishika kila anapozungumza, kana kwamba maneno yanatoka humo.

Kazi yetu kuieleza ni rahisi. Watu wanakuja kaunta na malalamiko yao. Sisi tunaamua nani aingie kwa Mkuu na nani aende kwa fundi. Mkuu anapenda waingie wachache. Bwana Tai husema hapana kama mtu anayepunga mkono kuaga. Mimi nikisema hapana, magoti yanagongana.

Leo mzee mmoja alitaka kumwona Mkuu kuhusu rangi ya tangi lake. Rangi! Nikajitahidi kumkatalia. Nikakohoa. Akanipa pole ya kikohozi, akaingia zake.

Baadaye Mkuu alitoka akaniuliza kama mimi ni karani au ni mlango ulioachwa wazi. Bwana Tai alicheka mpaka tai ikatumbukia kwenye chai. Hilo lilinifariji kidogo.

Nyumbani nikamsimulia shangazi. Akasema mimi nikikanyagwa ndiye ninayeomba radhi, eti kwa nini niliweka mguu hapo. Nikamkumbusha kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Akajibu kwamba kicheko amekisikia, ni kile wanachonicheka kazini.

Lakini nina mpango! Jioni nasoma kozi ya kompyuta, ile ya wanaoanza. Juzi mwalimu alitufundisha kauli za uamuzi. Unaiambia kompyuta: kama jambo hili ni kweli, fanya hivi, la sivyo, fanya vile. Nayo inafanya. Haikohoi. Haina magoti.

Nitaandika programu. Mgeni atajibu maswali, mashine itatoa karatasi: AINGIE, au AENDE KWA FUNDI. Mimi nitainamisha kichwa kwa huzuni na kusema, samahani sana, ndivyo mashine ilivyoamua. Sitamwambia mtu hapana tena maishani.

Jumanne, 4 Machi

Mkuu ameruhusu. Alisema nijaribu chochote, mradi asiletewe tena habari za rangi.

Masharti yake ni wazi. Mgeni lazima awe amekwisha kumwona fundi. Juu ya hilo, ama bomba lake limepasuka, ama amerudi mara ya pili. Nikaandika vivyo hivyo, neno kwa neno: amemwona fundi NA bomba limepasuka AU amerudi. Safi. Nilijipongeza.

Wa kwanza kuingia kwa Mkuu alikuwa mwuza chupa za chai. Hana bomba. Hana tangi. Lakini hupita hapa kila siku, na mashine ilipomwuliza kama amewahi kuja kabla, alisema kweli tupu. AINGIE. Akaingia na chupa zake zote.

Akafuata mtu aliyesahau mwavuli wake hapa mwezi uliopita. AINGIE. Halafu mwanamke aliyekuja kuuliza njia ya kwenda posta. Aliuliza njia hiyohiyo mwaka jana. AINGIE!

Bwana Tai aliniuliza, kwa sauti ya kusikika foleni nzima, kama nimeitengenezea ofisi mashine au nimeifungulia stendi.

Jioni nikampelekea mwalimu programu yangu. Aliitazama kama daktari anayetazama ulimi. Akasema NA ina haraka kuliko AU, kama kuzidisha kulivyo na haraka kuliko kujumlisha. NA ilimnyakua fundi pamoja na bomba, wakaondoka wawili. AU ikabaki peke yake mlangoni, na yeyote aliyerudi akapita. Akasema dawa ni mabano, na kwamba jambo hili hufundishwa shule ya msingi kwenye hesabu.

Nilikuwa wa kwanza darasani katika hesabu. Sikulitaja.

Jumatano, 5 Machi

Nimetia mabano. Nimetia mabano hata pasipohitaji mabano. Mwenye hadhari hajuti.

Vilevile Mkuu aliongeza sharti jana kabla ya kutoka: aliyekosa maji kuanzia siku tatu aingie moja kwa moja, hata kama bomba ni zima. Nikaliandika: siku bila maji, alama ya zaidi ya, tatu.

Asubuhi ilikuwa tamu. Foleni fupi. Chumba kimya. Mwuza chupa za chai alipewa AENDE KWA FUNDI, akaenda, na nasikia fundi kanunua mbili. Mkuu alipita akaguna. Lilikuwa guno zuri. Bwana Tai aliuliza kama mashine yangu inapika na chai, lakini niliona kaingiwa na baridi.

Ndipo akaja mama mmoja mtu mzima, mkoba mkononi, mpole. Maji hayatoki kwake kwa siku tatu. Mashine ikatema: AENDE KWA FUNDI. Akasema fundi ndiye aliyemtuma huku. Nikaingiza majibu upya. AENDE KWA FUNDI. Akanitazama. Si kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira.

Nikampa kiti changu. Nikammiminia maji ya chupa yangu mwenyewe. Nikamwomba radhi kwa niaba ya mashine, ya fundi na ya bomba. Nadhani niliwaombea radhi na watu wa umeme.

Bwana Tai, bila kuinua kichwa, akasema mama, sheria ni sheria, usingepita hata ungekuwa mama yake Mkuu.

Yule mama akajibu taratibu kwamba yeye si mama yake Mkuu. Yeye ni mama wa mke wake.

Tai ilishikwa kwa mikono miwili.

Hakuwa ametaka kupendelewa, akasema, ndiyo maana alipanga foleni kama wenzake. Akamaliza maji, akashukuru, akaenda. Muda si muda simu ya Mkuu ikalia. Kupitia ukutani tulisikia ndiyo mke wangu, hapana mke wangu, mimi sijui mke wangu. Kisha akatoka. Akasimama mbele yangu. Akasema kuanzia siku tatu maana yake tatu imo ndani.

Imo! Nilihitaji alama ya zaidi ya au sawa na. Nikaweka ile ya zaidi ya peke yake. Kwa kistari kimoja nimemnyima maji mama mkwe wa Mkuu.

Sikula chakula cha usiku. Shangazi alidhani ni homa.

Alhamisi, 6 Machi

Ya leo ni mengi. Niandike polepole.

Nilifika mapema kurekebisha. Siku tatu, sawa. Kisha nikaona nijihami zaidi. Nikaongeza kauli mpya ya uamuzi, juu kabisa, kabla ya zote: kama mgeni ni mama mkwe wa Mkuu, apite bila maswali, na kioo cha kompyuta ya Mkuu kimtahadharishe ajiandae. Ustaarabu mtupu. Mkuu nilipomweleza alinishika bega. Mara ya kwanza tangu niajiriwe!

Wa kwanza kufika alikuwa dereva wa lori la maji. Ndevu hadi kifuani, viatu vya mpira, matope hadi magotini. Karatasi ikatoka: MAMA MKWE WA MKUU. APITE MARA MOJA.

Nilikuwa bado naisoma nilipoanza kusikia mambo chumbani kwa Mkuu. Kiti kikaburutwa. Redio ikazimwa. Dirisha likafunguliwa. Mlango ukafunguka, na Mkuu akasimama pale, koti limefungwa vifungo vyote, mikono mbele, macho chini kwa heshima. Akasema shikamoo mama, karibu sana mama.

Dereva akaitikia marahaba. Kalelewa vizuri yule.

Mkuu akainua macho. Sitaandika alichosema.

Akaja kijana wa chuo. MAMA MKWE WA MKUU. Akaja fundi wetu mwenyewe kuuliza funguo. MAMA MKWE WA MKUU. Nilibonyeza vitufe vyote ninavyovijua na baadhi nisivyovijua. Na Mkuu, masikini, kila mara alisimama. Angefanyaje? Baada ya simu ya jana hakuthubutu kubahatisha. Kila mara koti, kila mara dirisha. Bwana Tai alikuwa nyuma ya kabati la mafaili, ameketi sakafuni, analia kwa kicheko. Mwuza chupa za chai alipopata karatasi yake alishukuru, akasema hakujua kama wana undugu.

Saa ya chakula ilipokaribia, mlango wa nje ukafunguka. Yule mama. Mkoba mkononi. Alikuja kusema kwamba maji yametoka, ahsanteni.

Nilitaka kumzuia. Nilitaka kumtangulia. Nikakohoa. Karatasi ikatoka, naye akaelekea ndani.

Mkuu hakusimama. Tulimsikia wote. Alisema, kwa sauti ya mtu aliyechoka hadi kwenye mifupa, haya, na wewe ni mama mkwe wangu wa wapi tena?

Hata Bwana Tai aliacha kulia.

Mwalimu ameniambia jioni hii kilichotokea. Alama moja ya usawa haiulizi kitu. Inaamuru. Niliandika mgeni, alama moja, mama mkwe. Kwa hiyo mashine haikuuliza kama mgeni ni mama mkwe, ilimfanya kuwa mama mkwe palepale. Ukitaka kuuliza, unaweka alama mbili. Nami niliona mbili ni ubadhirifu.

Kesho Ijumaa.

Ijumaa, 7 Machi

Bwana Tai aliitwa kwanza. Alitoka tai ikiwa imelegea. Hakunitania. Nikajua sote tumekwisha.

Nikaingia. Mkuu hakunipa kiti. Akasema mashine imechomolewa na itabaki hivyo. Akasema jana usiku mama mkwe wake alikula kwao. Alipomsimulia habari za dereva na marahaba, mama huyo alicheka mpaka wakamletea maji. Tangu afiwe hawajamwona akicheka namna ile. Kisha akauliza habari za yule kijana anayetetemeka. Akasema mashine yake ni ya ovyo, lakini alimpisha kiti. Na yule mwenye tai, akasema, afundishwe kuinua kichwa anaposema na watu.

Kwa hiyo nafasi ni yangu. Kama ninaitaka. Mkuu akasema kazi yenyewe ni kusema ndiyo au hapana kwa mdomo, mbele ya uso wa mtu, kwa adabu, kutwa nzima. Mashine hapana. Je, ninaitaka? Ndiyo au hapana?

Nilifungua mdomo.

Nikasema inategemea.

Mkuu alivua miwani. Akaisafisha. Akaivaa. Akauliza inategemea nini. Nikasema yapo masharti kadhaa ya kupimwa. Akatazama dari kama mtu anayeomba subira kutoka huko. Akanipa hadi Jumatatu asubuhi. Nikifika bila jibu, nafasi ni ya Bwana Tai, na huyo atajinunulia kitabu cha adabu.

Jumapili, 9 Machi

Shangazi haelewi cha kufikiria ni nini. Ameshawatangazia majirani. Mwenye duka la kona amenipongeza. Nimemwambia bado nalipima suala, akasema suala gani, mpwa wangu, mtu amepewa kiti anauliza kina miguu mingapi?

Lakini juma hili nimejifunza mengi. Silaumiki tena kwa pupa. Nimeandika programu, na safari hii kwa umakini. Kama (naiweza kazi NA Mkuu hana kinyongo) AU (mama mkwe bado ananitetea), jibu ni ndiyo. La sivyo, hapana. Mabano yote yamo. Alama za usawa ni mbilimbili, kila mahali. Nimekagua kwa rula.

Nikaiendesha. NDIYO.

Nikaogopa. Lazima kuna kosa mahali. Nikakagua mstari kwa mstari. Hakuna. Nikaiendesha tena. NDIYO. Shangazi akaitikia kutoka jikoni kwamba na yeye anasema ndiyo, na hatumii umeme.

Nikaigeuza kwa alama ya kukanusha. HAPANA. Hiyo ikanitisha zaidi.

Sasa nimepata suluhisho. Nimeongeza kauli moja ya uamuzi mwishoni, fupi na nadhifu: kama jibu ni ndiyo, uliza tena, la sivyo, uliza tena.

Inaendeshwa tangu mchana. Haijatoa kosa hata moja. Kunakucha nje, naona, Jumatatu ndiyo hiyo, na mwalimu atajivunia.