Sikio la Chachu

Jumatatu, 6 Oktoba
Miezi minne sasa mimi ni mchezaji wa raga wa kulipwa hapa Castelmoure. Dakika nilizocheza timu ya kwanza: sifuri. Leo nimegundua sababu. Sokoni, Mzee Fernand muuza vitunguu saumu alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama anayenunua ndama, akauliza kama kweli mimi ni nguzo. Nikasema ndiyo, nguzo wa kushoto, mstari wa mbele wa skramu, pale timu mbili zinapoinama na kusukumana vichwa kwa mabega, kilo mia na kumi na nane. Akasema, "Kwa masikio haya? Haya ya mpiga kinanda wa kanisani!" Soko zima likacheka.

Kumbe ndiyo hivyo! Masikio ya nguzo wa kweli husagwa kwenye skramu mpaka yanavimba na kukunjamana kama koliflawa. Kama ya Gaétan Sarrailh, anayenizibia nafasi. Yangu ni laini. Bibi Odette, ninayeishi kwake, huyasifu mbele ya wageni. Aibu tupu!

Jumapili tunacheza na Peyrescous, wale wa ng'ambo ya mto. Kocha Lescure kasema atakayecheza vizuri siku hiyo ataongezewa mkataba. Mwingine ajitafutie kazi. Mimi kazi nyingine ninayoijua ni shamba la zabibu la mjomba, na mjomba huimba. Nahitaji masikio. Siku sita!

Jumanne, 7 Oktoba
Sikwenda kwenye mashine ya skramu, ile tunayoisukuma mazoezini. Nilimwambia kocha naumwa jino. Nikaenda kwa kondoo dume wa jirani. Mpango: yeye asukume, mimi nisugue sikio kwenye pembe. Mpango wa kisayansi kabisa. Kondoo hakuijali sayansi, alinizunguka akaja kwa nyuma. Nimekula chakula cha jioni nimesimama. Sikio halina hata mkwaruzo.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimemwomba Gaétan anikalie kichwa. Alikubali upesi mno, hata sababu hakuuliza. Alinikalia dakika ishirini kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akila mkate na soseji, makombo yakiniingia shingoni. Mlango ukafunguka. Kocha! Akasema, "Bastien, mwanangu, hapo magoti umeyakunja vizuri sana. Mbona kwenye skramu hufanyi hivyo?"

Huyu mzee na magoti yake! Kila siku ni magoti na mgongo, magoti na mgongo.

Gaétan aliposimama, mgongo wake ukalia kaa! Wamembeba wanne. Sikio langu lilikuwa jekundu la kupendeza, likarudi kama zamani kabla ya supu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Gaétan hachezi wiki tatu. Naanza mimi! Kocha aliniwekea mkono begani akasema amebaki na mimi tu, na kwamba jana alipita kanisani kuomba. "Kunja magoti, nyoosha mgongo, usifanye kitu kingine chochote." Bibi Odette alilia kwa furaha. Nami nililia. Halafu nikawaza: watu elfu nne wananitazama, na masikio haya! Furaha ikayeyuka.

Jumamosi, 11 Oktoba
Jawabu lilikuwa jikoni siku zote. Bibi ana mtungi wa chachu ya mkate, aliyorithi kwa mama yake. Huilisha unga kila asubuhi, huisemesha, huiita "binti yangu". Nilichota kidogo tu, nikafinyanga sikio. Sikio la kwanza likafanana na konokono. Nikachota tena kidogo. Mara mtungi mtupu! Nimeujaza uji. Hatajua.

Sikio la tatu ni zuri ajabu. Nimelipaka pilipili ya unga lipate rangi. Kesho nitalibandika kwa gundi ya viatu juu ya langu la kushoto. Wiki nzima sijagusa mashine ya skramu, ni kweli. Lakini mwonekano!

Jumapili, 12 Oktoba
Nilipoingia uwanjani, Mzee Fernand alivua kofia. Nilijisikia mtu. Hata Cazalis, lile jitu la Peyrescous nililopangiwa kusukumana nalo, liliniamkia kwa adabu.

Jambo moja sikulipigia hesabu: chachu ni kitu hai. Jua kali, joto la skramu. Dakika ya kumi nilikuwa na andazi. Dakika ya ishirini, mkate mzima. Cazalis akaanza kuninong'oneza kama naumwa, na kama ugonjwa wenyewe unaambukiza. Dakika ya thelathini tukashikana, sikio likamjaa mdomoni, likang'oka. "Mama yangu! Nimekula sikio la mtu!" Akazimia palepale. Mwamuzi akampa kadi nyekundu akiwa amelala.

Uwanja ukalipuka! Jina langu likaimbwa! Daktari akaliokota sikio, akaliweka kwenye ndoo ya barafu, akanikataza kusema neno. Nami nikatii. Kisha akalinusa. Akamwambia mwamuzi hiki hakihitaji daktari, kinahitaji tanuri.

Kadi ikahamia kwangu. Tumefungwa thelathini na moja kwa tatu.

Hayo si kitu. Bibi Odette alikuwa safu ya tano, na harufu ya binti yake aliitambua kutoka huko. Alishuka ngazi polepole. Mkono wake wa kulia umeshindilia mahindi kooni mwa bata wa kunenepesha miaka arobaini. Kofi moja, sikio la kushoto, lile halisi. Niliona nyota mchana.

Jumatatu, 13 Oktoba
Kocha hakufoka. Heri angefoka. Alisema kabla ya sikio kung'oka nilikunja magoti na kunyoosha mgongo mara moja, kwa bahati, na Cazalis akarudi nyuma hatua mbili. "Nguvu unazo, mwanangu. Kesho saa tatu asubuhi, mashine ya skramu, mimi na wewe tu. Ukija, nitakuombea mkataba. Usipokuja, nisalimie mjomba." Macho yake yalikuwa na machozi. Nilisikia nusu tu, kwa sababu upande wa kushoto sisikii vizuri.

Na sisikii kwa nini? Limevimba! Limekunjamana! Sikio halisi la nguzo! Daktari alitaka kulitoboa damu itoke, nikamkimbia. Mzee Fernand amenipa kitunguu saumu bure.

Limebaki la kulia. Bibi hupiga kwa mkono wa kulia tu, kwa hiyo itabidi nimpe mgongo, kofi liangukie huko. Kesho saa tatu asubuhi atakuwa jikoni. Nitamwambia maharage yanayopikwa na nyama ya bata kule Peyrescous ni matamu kuliko yake.