Chale za Mpira

Jumapili, tarehe 2 Agosti 1953

Leo nimekwenda kuposa. Nimerudi. Sitaki kukumbuka yaliyotokea katikati, lakini nani mwingine nitamweleza?

Koti. Tai. Jua la kiangazi na vumbi jekundu. Kinga yangu, baiskeli ya marehemu sijui nani, inalia pedali ya kushoto tangu Pasaka. Nilifika kijijini kwa akina Kyabu nikiwa na rangi ya tofali. Kyabu alinipa maji ya kunywa akanitazama kwa macho yale yanayonifanya nisahau hesabu za mabehewa. Nampenda. Basi, nimeandika. Nampenda kuliko kazi, kuliko kwaya, na kuliko hii tai niliyoagiza Élisabethville.

Baba yake alishafariki. Mwenye neno la mwisho ni nyanya yake aliyemlea, Nkambo Umba. Nilikuwa na hotuba. Niliianza vizuri: mimi Malachie, karani wa gare, stesheni ya gari moshi ya Kamina, mwana wa mwalimu wa Methodiste. Akanikatiza. Akauliza nimechanjwa chale wapi. Nikajibu kwamba sina chale, nimezaliwa misioni, na mtu pekee aliyewahi kunitoa damu ni kinyozi. Hapo akafunua kitambaa kidogo anionyeshe za kwake, tumboni, mistari kwa mistari, kama karanga zilizopandwa na mtu mwangalifu. Nilitazama kuku.

Kisha akasema, mbele ya watu wote: "Tumbo yako iko tupu kama ukuta ya misioni. Muntu hakukatwa hata siku moja, bibi yake akianza kuzaa, ye atakimbilia Luena. Rudia siku ya Mungu na tumbo ya kuandika, njo nitakupa mutoto."

Watu wakacheka sana. Nami nikacheka kidogo, kwa heshima. Kyabu alinitazama akingoja kitu, sijui nini. Nikasema, ndiyo Nkambo, nimesikia. Nikaaga.

Tumbo la kuandika! Nina wiki moja.

Jumatatu, tarehe 3 Agosti

Sikulala. Kazini nimetuma kwa makosa kikapu cha samaki wakavu wa Mulongo mpaka stesheni ya Luena, na mwenye kikapu alikuwa amesimama mbele yangu akikingoja. Shefu wa gare amesema maneno ambayo sikuyajua yote kwa Kifaransa, lakini sauti yake niliielewa.

Saa ya chakula nimekwenda depo, karakana ya gare, kwa Marc, rafiki yangu, fundi wa kinga. Yeye amekulia kijijini, ana chale mbili kifuani. Nikamuuliza kama zinauma. Akasema alichanjwa akiwa mdogo, hakumbuki, lakini mama yake anakumbuka kwamba alimng'ata mchanjaji. Akauliza kwa nini nataka kujua. Nikasema ni elimu tu.

Nimejaribu kujichora kwa mkaa mbele ya kioo. Baada ya kutoka jasho nilionekana kama mtu aliyemwagikiwa na mchuzi. Nimeoga.

Habari nyingine mbaya: Lucien naye anamtaka Kyabu. Lucien, fundi cherehani wa misioni ya Wakatoliki. Mnene. Hana tai. Anacheka hata kwenye matanga. Naye hana chale hata moja, nimemwona akioga mtoni. Kwa hiyo tuko sawa, ila mimi nina akili.

Jumanne, tarehe 4 Agosti

Nimepata! Akili ni mali!

Nimeazima kwa Marc tyubu nzima ya solisyo, ile gundi ya kubandikia viraka vya kinga. Nikachukua mpira wa ndani, wa zamani, nikaukata kwa mkasi vipande vidogo kama punje za maharage. Nikavibandika tumboni mstari kwa mstari, kutoka kitovuni mpaka mbavuni. Kazi ya jioni nzima. Kioo hakikuamini. Vimeinuka, vinang'aa, vimepangwa vizuri kuliko hata chale za Nkambo mwenyewe. Nimejiona mtu wa zamani, mtu asiyelia. Nimetembea chumbani bila shati nikiwa nimekunja uso.

Ila harufu.

Kwenye mazoezi ya kwaya Mama Noémie, anayetuongoza, alifungua madirisha yote ya kanisa kabla ya ubeti wa pili. Mzee wa besi aliye kando yangu akauliza ni nani ameingia nyumba ya Mungu na kinga yake. Niliimba nikitazama mbele.

Alhamisi, tarehe 6 Agosti

Ninawashwa. Ee Mungu, ninawashwa! Chini ya kila punje kuna moto wake. Nimejaribu kung'oa moja: imekuja na ngozi. Nimepaka mafuta ya taa. Sasa ninawashwa na siwezi kukaribia jiko.

Marc amekuja na habari. Jana Lucien alikwenda kwa Nkambo Umba. Bibi akamwuliza swali lile lile, chale zako ziko wapi. Na Lucien, asiye na adabu, akajibu kwamba yeye amekuja kumwoa Nkambo mwenyewe, Kyabu atakuwa wa kuwachotea maji. Kuhusu chale, akasema cherehani imemtoboa kidole gumba mara nyingi, Nkambo aje aone kwa karibu kama anaona aibu kutazama kwa mbali. Bibi akampiga mwiko wa mgongoni, akacheka mpaka akashika nguzo ya nyumba.

Nilimhurumia Lucien. Kumtukana mzee hivyo! Amejichimbia kaburi. Nikamwambia Marc kwamba mshindani wangu ameanguka mwenyewe, bila mimi kumgusa.

Marc akaniambia nisikilize. Akasema nyanya na mwanaume anayemtaka mjukuu wake hutaniana, ndivyo ilivyo tangu zamani, ukitupiwa neno unalirudisha. Nikamjibu kwamba nimesoma kitabu chote cha mafundisho ya Methodiste na jambo hilo halimo. Akauliza kuhusu tyubu yake ya solisyo. Nikasema nitarudisha kesho.

Masikini Marc. Ana moyo mzuri lakini hakusoma.

Jumamosi, tarehe 8 Agosti

Gurudumu la nyuma limepasuka. Msumari. Kuna tundu dogo tu, la kuzibwa na kiraka kimoja.

Solisyo yote iko tumboni mwangu.

Nimekwenda kwa Marc. Akasema kwanza nirudishe ile ya kwanza. Nikarudi nyumbani. Kesho nitakwenda kwa miguu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nimeinama mpaka kiuno kinauma.

Nimeomba Mungu jambo moja tu: anipe Kyabu. Sikumweleza habari ya mpira.

Jumapili, tarehe 9 Agosti

Naandika kwa sababu nisipoandika nitalia tena.

Nilitembea asubuhi nzima juani. Jasho likaingia chini ya punje. Nilizisikia zikihama, moja baada ya nyingine, lakini sikuthubutu kutazama. Kijijini watu walikuwa wametoka misa, wamekaa kivulini. Lucien alikuwa kando ya Nkambo Umba anamsaidia kumenya karanga, kama mtu wa nyumbani. Kyabu alisimama aliponiona.

Sikuketi. Nilisema: Nkambo, ulitaka tumbo la kuandika, nimelileta. Nikafungua shati.

Mistari ilikuwa imeshuka. Ile ya juu imekutana na ya katikati, na punje kadhaa zimekusanyika kwenye ukanda wa suruali kama abiria wa daraja la tatu. Nkambo alinyoosha kidole, akagusa moja karibu na kitovu. Ikakifuata kidole. Akaitazama, akainusa, akamnusisha Lucien.

"Miye nilisema nitapa mujukuu yangu kwa muntu," alisema. "Huyu iko kinga."

Sijawahi kusikia watu wengi hivyo wakicheka kwa pamoja, hata sinema ilipoletwa kwenye kartye, mtaa wetu wa wafanyakazi. Mzee mmoja alilala chini. Lucien akaniuliza kwa upole kama nina kengele pia.

Nilipiga magoti. Nilimwambia Nkambo anichanje kweli, sasa hivi, kwa kisu chochote, sitakimbia. Hapo akaacha kucheka. Alifuta macho kwa pembe ya kitambaa, akanishika bega, na mkono wake ulikuwa mwepesi.

"Mutoto, ile ilikuwa ya kuchekea tu. Nani anakata bantu sasa? Nilikutupia neno, ulipaswa kunirudishia. Miye ni nkambo. Ungeniambia hata mbaya, ningefurahi."

Kyabu alinisindikiza mpaka njia kuu. Yeye hakuwa amecheka. Afadhali angecheka.

"Nilikuwa nangoya umuchekeshe hata kidogo," alisema. "Weye njo nilitaka mbele ya Lucien. Lakini ulikaa pale vile uko ku biro ya gare."

Nikamwuliza kama bado kuna nafasi. Akasema Lucien amejibiwa jana. Kisha akanifunga vifungo vya shati, vyote, mpaka cha shingoni, akarudi kwao.

Nilitembea mpaka Kamina nikilia. Watu wa njiani walidhani nimefiwa. Wengine walinipa pole na nikaipokea.

Jumatatu, tarehe 10 Agosti

Nimefikiri usiku kucha. Wanasema ilikuwa utani. Hapana. Hayo ni maneno ya kumfariji mtu. Nkambo ni mtu mwema, hakutaka kusema wazi kwamba kilichoniangusha ni mpira. Ungekuwa mwili wa kweli, leo Kyabu angekuwa wangu. Na ndoa haijafungwa bado!

Nimenunua wembe mpya. Nimesaga masizi. Nimeuma taulo. Nikakata.

Nilipoamka nilikuwa sakafuni na mbu wawili walikuwa wanakula bila haraka. Nina chale moja. Imepinda. Haifiki urefu wa kidole.

Alhamisi, tarehe 13 Agosti

Homa. Tumbo limevimba upande wa chale. Sikwenda kazini, na shefu ametuma mtu kuuliza kama nimekufa au nimeacha kazi, maana anataka kujua aandike lipi.

Nimejikokota mpaka dispanseri. Msaidizi wa muuguzi anaitwa Tamar, binti wa fundi seremala wa kanisa letu. Sikuwahi kumwona vizuri, anaimba soprano, sisi wa besi tunawaona migongo tu. Alinisafisha usaha bila kukunja pua. Kisha akaona mipira iliyobaki. Akaing'oa moja moja kwa mafuta na pamba, polepole, na kila ilipouma alikuwa anapuliza. Akauliza nimepatwa na nini. Nikasema ajali ya gari moshi.

Akasema gari moshi hilo lilikuwa na magurudumu ya mpira? Nikatazama chupa za dawa. Akatabasamu peke yake.

Marc amepita jioni na machungwa. Hakusema neno juu ya solisyo. Amesema tangazo la ndoa ya Lucien na Kyabu litasomwa Jumapili katika misa ya kwanza. Nimegeukia ukuta. Marc amemenya machungwa yote akala mwenyewe, akingoja nigeuke.

Jumapili, tarehe 16 Agosti

Asubuhi nimesikia kengele za Wakatoliki. Nilijua wanasoma nini. Nimeweka mto juu ya kichwa na bado nimesikia. Kyabu wa Lucien. Haifutiki tena. Nilidhani mtu akikosa anachokitaka anaumia kifuani. Mimi naumia shingoni, pale alipogusa akinifunga kifungo cha mwisho. Sikwenda kanisani. Mama Noémie ametuma salamu kwamba besi ilikuwa safi leo.

Mchana Tamar amekuja kubadilisha kitambaa cha kidonda. Akaniambia nisibaki peke yangu siku kama ya leo, niende kwao kula. Kumbe anajua yote. Kamina nzima inajua. Nilitaka kukataa. Nikaenda.

Walinipokea vizuri sana. Bukari, ugali wa moto, sombe ya majani ya muhogo, kuku. Babu yake Tamar amefika kutoka Mulongo kwa matibabu ya jicho, mzee mrefu anaitwa Nkambo Ngoie. Nilipokuwa natafuna alinikazia lile jicho zima. Akaniambia nifungue kinywa. Nikafungua.

"Meno yote hii!" akasema. "Imenyooka kama ubao ya seremala. Kwetu Mulongo mwanaume mwenye hakuchonga meno hatupe bibi, tunamupa jembe."

Nyumba nzima wakacheka. Baba yake Tamar aligonga meza. Tamar naye alicheka, kisha akaacha, akanitazama, akangoja kidogo, kijiko mkononi.

Niliinamisha macho. Nikasema: ndiyo, Nkambo, nimesikia.

Sasa nipo nyumbani na sijui nicheke au nilie. Tamar! Mungu hamtupi mja wake. Na safari hii hakuna mpira, hakuna gundi, hakuna ujanja wa kitoto. Nimejifunza. Kitu cha kweli, kazi safi, na mapema, kabla Lucien mwingine hajatokea. Nimejitazama kwenye kioo: meno ya juu manne yatatosha kwa kuanzia. Depo wana tupa za kusagia chuma, za kila ukubwa. Kesho asubuhi nampitia Marc aniazime ile ndogo.