Jumamosi Mama Alipokatisha Salamu

Nyamazeni kidogo, enyi watu wa matuta na mabonde ya Usambara, nyinyi wa Mlola mliobeba maharage na nyinyi wa Lukozi mliokalia magunia ya karoti; zimeni redio, watoeni kuku jikoni, msogee karibu. Nipeni karatasi nyeupe, nipeni na kalamu isiyovuja, niandike habari za mama yangu mzazi, Mwanamisi binti Hassani, bingwa wa njia ya mtelemko, mwenye kanga mbili na goti moja zima, ambaye Jumamosi ya mwisho ya likizo ya mwezi wa sita, mwaka jana, alitenda jambo ambalo babu zake wote hawakuwahi kulitenda. Alikatisha salamu.

Msicheke. Jueni kwanza alikuwa mwanamke wa namna gani.

Salamu ya mama ilikuwa na vituo tisa: kulivyokucha, nyumba, watoto, wagonjwa, shamba, mvua, ng'ombe, mbuzi, na mwisho wewe mwenyewe. Hakuruka kituo hata kimoja, kwa mkubwa wala kwa mdogo, kwa Mwislamu wala kwa Mlutheri. Siku jirani yetu Rajabu alipokuwa akiikimbiza pikipiki yake iliyokuwa ikiserereka mtelemkoni peke yake, mama alimsimamisha akamuuliza habari za wagonjwa. Rajabu akasimama, akajibu. Pikipiki ilipatikana mtoni.

Sasa sikilizeni chanzo cha vita. Maktaba ya mjini ilikuwa imetangaza mpango wa kusoma wakati wa likizo. Kila mtoto alipewa kadi yenye visanduku kumi. Kila kitabu ulichokisoma kwa sauti mbele ya mtu mzima wa nyumbani kwenu kiligongewa muhuri kisanduku kimoja, lakini kwa kitabu cha kumi ilibidi mtu mzima huyo afike mwenyewe maktaba kutoa ushahidi. Aliyejaza kadi aliruhusiwa kuchukua vitabu nyumbani mwaka mzima. Asiyejaza angesomea palepale mezani. Na kwa sisi, ambao kutoka nyumbani hadi mezani hapo ni mwendo wa saa moja na nusu, hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa tusisome.

Shamsa binti yangu, simba wa darasa la nne, alikuwa na mihuri tisa. Vitabu vyote alivisoma jikoni, mbele ya bibi yake, ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemfikisha mahali pa kuwajua watu kwa sauti na kikohozi. Mmoja alisoma, mmoja alichambua maharage. "Rudia hapo," mama alikuwa akisema, na Shamsa akirudia. Ijumaa jioni, kitabu cha kumi kilipokwisha, mama alinigeukia.

"Kadi hiyo isipojaa, mwezi wa saba nitachambua maharage nikisikiliza nini? Wewe? Wewe huna hadithi."

Ni kweli, sina.

Basi asubuhi ya Jumamosi tukaondoka saa tatu kamili, mama mbele akishika bega la Shamsa, mimi nyuma na simu yenye saa. Ukungu ulikuwa umelala njiani kama jeshi lililochoka. Maktaba hufungwa saa sita siku hiyo, na Dada Jenoveva, mlinzi wa muhuri, hupanda gari la Mombo la saa sita na dakika tano. Tulikuwa na saa tatu za kutembea safari ya saa moja na nusu, tukajiona matajiri. Kosa letu lilikuwa moja tu: tulisahau kwamba ni siku ya gulio, na njia nzima ilikuwa imejaa watu wa kusalimiwa.

Wa kwanza kutukabili alikuwa Mzee Danieli, mzee wa kanisa, kabichi nne kichwani.

"Onga maundo, Mwanamisi!" alinguruma kwa salamu ya asubuhi ya Kisambaa.

Mama akapanga miguu kama askari aliyefika uwanjani, wakaanza. Walipita nyumba, wakapita watoto. Kwenye wagonjwa walikwama, kwani mkewe Danieli alikuwa na jino, na jino hilo lilikuwa na historia. Kabichi zikitikisika juu, wakasonga mbele hadi mbuzi, wakaagana kwa heshima. Dakika ishirini na mbili.

"Bibi," Shamsa akasema, "tutachelewa!"

"Tutawahi. Mguu ukisalimia unapumzika."

"Mguu wa nani, Bibi? Wangu haujasalimia mtu."

Simba wa darasa la nne akaamua kupigana kwa hila. Alipomwona Bi Sesilia na kina mama watano wameketi penye bomba la maji, alimvusha bibi yake upande wa pili, akaanza kuongea kwa sauti kubwa juu ya jedwali la saba ili kuficha kelele za ndoo. Saba mara moja saba! Saba mara mbili kumi na nne! Walikuwa wamekaribia kuponea kwenye saba mara sita pale Bi Sesilia alipopiga chafya.

Mama akasimama. "Hiyo ni chafya ya Sesilia."

"Ni mbuzi, Bibi."

"Mbuzi huyo nilikuwa naye kwenye kwaya ya shule. Nirudishe."

Wanawake sita, vituo tisa kila mmoja. Hesabu yake haikuwemo kwenye jedwali la saba. Tulipong'oka pale ilikuwa saa tano na dakika ishirini na tano, na Shamsa alikuwa ameikumbatia kadi kifuani. Machozi yalikuwa yameanza kumlenga. Mama hakuyaona, lakini bega aliloshika lilikuwa likitetemeka, na hilo alilisikia vizuri.

Tukatembea haraka kuliko goti lilivyotaka. Paa za mji zikatokea chini. Hapo ndipo, saa tano na dakika arobaini, pale kona ya mwisho penye jiwe kubwa, alipokuwa ameketi adui asiyepitika: Mzee Amiri, mkwe wetu, baba wa mume wa dada yangu, miaka themanini na mitatu, mwenye fimbo ya mzambarau na sikio moja linalosikia. Kila kituo kwake huenda mara mbili, mara moja kila sikio. Mzee Amiri ndiye aliyewahi kususia harusi kwa sababu bwana harusi aliishia kwenye ng'ombe.

"Ni nani hao?" akauliza.

"Shikamoo, mkwe," mama akasema, akapiga goti lake zima.

"Marahaba, marahaba. Kumekuchaje huko juu?"

Kulikucha salama. Nyumba, nzima. Watoto, wazima. Wagonjwa, hawajambo. Shamba, maharage yamekubali. Mvua, haba. Ng'ombe, mmoja ana mimba. Nilitazama simu. Saa sita kasoro dakika saba.

"Na mbuzi?" akauliza Mzee Amiri.

Enyi wasikilizaji, hapo ndipo dunia iliposimama. Mama alivuta pumzi. Mkono wake ukaliminya bega la mjukuu, na uso wake ukawa kama wa mtu anayeruka mto uliofurika.

"Mkwe wangu," akasema kwa sauti ambayo sikio lolote lingeisikia, "mimi Mwanamisi sijawahi kumwacha mtu katikati ya salamu, na Mungu ni shahidi. Leo nakuacha wewe kwenye mbuzi. Mtoto huyu ana kazi ya muhuri mmoja. Kaa hapo hapo. Narudi."

Akageuka. Akakimbia! Sikusema alitembea upesi, alikimbia, kanga zikipepea kama bendera, Shamsa akimwongoza, "Jiwe, Bibi! Mfereji, Bibi! Kuku!" Nyuma yetu nikasikia fimbo ya mzambarau ikianguka chini.

Dada Jenoveva alikuwa mlangoni, kufuli mkononi.

"Shikamoo, Bibi. Habari za—"

"Marahaba. Niulize kitabu."

Jenoveva, ambaye mama hakuwahi kumwacha bila dakika kumi, aliduwaa, kisha akarudi ndani akaketi mezani kwake. "Haya, Bibi. Kitabu cha kumi kinahusu nini?"

"Kinahusu fisi asiye na adabu. Aliingia nyumbani kwa kobe bila kupiga hodi. Ukurasa wote hakuna hodi! Nilimwambia Shamsa arudie, nikidhani ameruka. Hajaruka. Ni mwandishi. Kisha eti tunashangaa fisi alipomwibia uji. Mtu asiyepiga hodi ulitegemea nini? Mwisho kobe alimsamehe. Mimi nisingemsamehe, lakini andika kwamba alimsamehe."

Kidau cha wino kilikuwa kimekauka. Jenoveva akaupulizia muhuri pumzi ya moto mara moja, mara mbili, akaugonga. Ukatoka mwekundu hafifu, nusu duara, saa sita kasoro dakika mbili. Lakini ulitoka! Shamsa akapiga kelele hadi njiwa wa paani wakahama.

Tungeweza kwenda kunywa chai. Mama alikataa. Tukapanda tena hadi kona ya jiwe kubwa, goti likilia, na hapo alikuwa ameketi Mzee Amiri, hajasogea hata shubiri, amekunja uso kama hakimu.

Mama akasimama mbele yake.

"Tulikuwa kwenye mbuzi," akasema mzee.

"Mbuzi hawajambo," akasema mama.

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe leo, mkwe wangu, nina furaha."

Mama alituacha mwezi wa pili mwaka huu. Shamsa bado anachukua vitabu maktaba, viwili viwili, na jioni anasoma jikoni kwa sauti huku mimi nikichambua maharage, polepole kuliko mama alivyokuwa akichambua. Juzi alikirudisha nyumbani kile cha fisi. Alipofika mlangoni kwa kobe alitazama kigoda alichokuwa akikalia bibi yake, kisha akasoma neno ambalo halikuandikwa.

"Hodi," akasoma.

Sikumsahihisha. Na ijulikane katika matuta yote kwamba nilimwitikia.