Mkurugenzi wa Mabomba ya Mji wa Kale

Jumatatu, 13 Oktoba 2025
Leo nimekuwa mkurugenzi! Pesa zangu zote za kustaafu reli nimewapa kampuni ya Chirizi, Nairobi. Nao wamenipa jina lao nilitumie, mashine ya kuzibua mabomba, ovaroli mbili na Mji wa Kale wote. Sharti moja: niwe nimezibua nyumba kumi kufikia Jumamosi, akija mkaguzi wao. La sivyo wananinyang'anya kila kitu. Kumi tu! Mke wangu Truphosa kauliza kama nimewahi kuzibua hata sinki letu. Wivu huo.

Jumanne, 14 Oktoba
Nyumba saba, bomba sijagusa hata moja! Kila mlango napiga hodi, sauti ya kike inauliza nani, nataja jina, cheo na kampuni. Jibu lile lile: mwenyewe yuko dukani, nimsubiri barazani. Nikasema simtaki mwenyewe, nataka choo. Mlango ukafungwa. Kwa Bi Akila nimekaa barazani mpaka makalio yakafa ganzi. Mumewe, Nuruddin, karudi kutoka duka lake la kanga Biashara Street, kaniuliza hali yangu, ya wanangu, ya watu wa bara wote, kaniagizia kahawa. Kabla sijataja choo, adhana. Huyoo, msikitini!

Jumatano, 15 Oktoba
Akili ni mali yangu! Mwanamke mwenzao hawamzuii. Nimemvisha Truphosa ovaroli ya pili, akaingia na mashine. Mimi nikasimamia kutoka barazani. Nyumba tatu! Usimamizi mkali huzaa matunda. Kila nyumba katoka na mahamri. Mimi nimeletewa maji.

Alhamisi, 16 Oktoba
Nyumba nne zaidi. Simu haitulii, na kila apigaye anamtaka fundi Truphosa. Nimemweleza Bi Akila kwamba mkurugenzi ni mimi. Kauliza, ni yule mzee anayelinda viatu vya fundi? Ala! Miaka thelathini reli, nilinde viatu! Zimebaki tatu. Nitazizibua mwenyewe. Gambuti za Truphosa nimezificha juu ya kabati.

Ijumaa, 17 Oktoba
Nilikwenda saa saba mchana kamili, nikijua wanaume wamerudi kula. Wote msikitini! Nani aliyenikumbusha kwamba leo Ijumaa? Hakuna! Wanawake wakauliza fundi wao yuko wapi. Nikasema mgonjwa, hajiwezi. Jioni Bi Akila na jirani zake wawili wakatufikia nyumbani kwetu Buxton kwa tuktuk, na uji, na dua. Mgonjwa alikuwa uani anafua mablanketi. Nimetazamwa, sijawahi kutazamwa hivyo. Wakaondoka naye, na mashine, na gambuti.

Jumamosi, 18 Oktoba
Mkaguzi kafika, binti anaitwa Joy. Nimempeleka kwa Bi Akila akaone kazi yangu. Mwenyewe hayupo! Joy akakaribishwa ndani, mimi baraza. Nikasikia vicheko, na jina la Truphosa mara kumi na moja. Alipotoka kasema nyumba kumi zimetimia, kazi safi, na mkataba utaandikwa upya kwa jina la aliyeifanya. Nikamshukuru, nikamtajia jina langu herufi kwa herufi: B-A-R-N-A-B-A-S. Akaandika Truphosa. Pesa za nani? Wazo la nani? Nimelia, sifichi. Truphosa kanipangusa machozi, kasema nisihofu, kaniajiri. Nitasukuma mkokoteni wa mashine.

Jumapili, 19 Oktoba
Sikuenda kanisani. Mungu anajua hasira zangu. Nimeona tangazo: kampuni ya Nairobi inatafuta mkurugenzi wa Mji wa Kale, kushona nguo za maharusi. Unamfuata bibi harusi kwao, chumbani, unampima kifua na kiuno. Hakuna mashine, hakuna uchafu, ni futi tu ya kupimia! Ajabu, hakuna mwanamume aliyewahi kuliwazia jambo hili. Nimeuza televisheni kabla Truphosa hajarudi, nimetia saini. Kesho naanza na binti wa Bi Akila, anayeolewa karibuni. Nitapita saa nne, baba yake akiwa dukani, tupimane kwa utulivu.