Mwili Mmoja, Miguu Mitatu, na Kibali Mnachoninyima

Bwana Mkubwa wa Ofisi ya Vibali vya Maegesho,

Shika adabu kwanza. Nimesimama dirishani kwako asubuhi nzima, mtu mzima mimi, na yule binti wako anapaka rangi kucha. Salamu utazipata mwishoni ukizistahili. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mume wangu amekatwa mguu. Gari ni langu na dereva ni mimi. Binti akanisomea sheria, eti kibali cha kuegesha kwenye nafasi za walemavu anapewa mwenye gari aliye mlemavu. Mzee hana gari, mimi sina kilema, basi twende zetu. Aliyeandika hayo alikuwa ameshakula?

2. Kwa hiyo pale mlangoni pa hospitali mlinzi anatufukuza kwa filimbi. Naegesha kule nyuma ya jaa, mzee anachechemea na magongo kwenda kusafishwa kidonda. Juzi alianguka matopeni, wauguzi wakimtazama. Sasa amegoma, haendi tena, na kidonda kimeanza kunuka.

3. Jengo lenu hilohilo, ghorofa ya chini, ndipo tulipofungishwa ndoa. Mwenye muhuri alitangaza mbele ya watu kwamba sisi sasa ni mwili mmoja. Sikubisha. Basi mwili huo una gari, una leseni, na una miguu mitatu panapotakiwa minne. Kama hicho si kilema, niambie ni nini.

4. Mkikataa, mmesema ndoa ile haikuwa ndoa. Mwanangu wa tatu ni karani wenu, chumba cha pili kulia. Kwa sheria yenu hana baba, na alipoajiriwa aliwatajia baba. Mfukuzeni leo hii, mwongo huyo!

5. Na kama si mume wangu, nimfulie soksi kwa lipi? Nitamleta na godoro lake nimlaze mezani kwako. Kidonda utamsafisha wewe.

Msalimie mkeo, ikiwa naye ni mwili wako, na binti na kucha zake.

Ni mimi,
Bibi wa gari la kijani, mlango umefungwa kwa kamba.

N.B. Nasikia yule mlinzi wa filimbi amemshtaki mzee kwa kumtwanga gongo la kichwa, na polisi wananitafuta mimi mwenye gari. Mimi sikumpiga mtu. Yule ni yule, mimi ni mimi, kila mtu na mwili wake. Kibali kiandikeni jina langu, kesi iandikeni jina lake. Na kwa kuwa gari la polisi huegesha popote, wakimchukua wampitishe kwanza kusafishwa kidonda.